Mashine ya Hewa na Mto wa Sufi

Juu ya kabati la vitabu sebuleni kwangu ipo mashine nyeupe yenye kimo cha futi moja hivi, imefunikwa kitambaa. Wageni huniuliza ni kitu gani. Wengine hudhani ni redio, wengine hudhani ni feni iliyoharibika. Huwajibu kwamba si redio, wala si mbovu. Ukiichomeka kwenye umeme, taa yake ya buluu itawaka nayo itafanya kazi ileile iliyotengenezewa. Niliizima mwenyewe mwezi Mei 2019 na tangu hapo haijawashwa tena. Kisa chake ni kirefu kidogo, na sehemu kubwa ya kisa hicho si ya mashine bali ni yangu mimi.

Nilifundisha kwa miaka thelathini na sita. Nilianza katika shule za msingi, nikapelekwa chuo cha ualimu kufundisha sayansi, na nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo. Mtu aliyezoea kuingia mahali watu wakasimama hupatwa na ugonjwa ambao madaktari hawana dawa yake, nao ni ugonjwa wa kuwa na jibu kwa kila swali. Nilidhani nimeuacha ugonjwa huo ofisini pamoja na funguo. Kumbe nilihama nao.

Mjukuu wangu Zena alikuja kukaa nami Tanga mwezi Januari 2018, akiwa na umri wa miaka saba. Mama yake alikuwa amehamishiwa Dar es Salaam, kwenye kazi ya zamu za usiku, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Mke wangu alikuwa amekwisha fariki miaka miwili kabla. Nyumba ilikuwa yangu na ya Bi Mwanaasha, mama wa makamo ambaye hutupikia na kututunzia nyumba. Zena alikuja na sanduku moja la nguo, mkoba wa shule, na pumu.

Pumu yake ilikuwa ya mzio. Asubuhi alikuwa akipiga chafya kumi mfululizo, macho yakawa mekundu, na usiku alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kilichonifanya nikae kitandani nikihesabu. Hospitali walikuwa wamempa dawa mbili za kuvuta kwa mdomo. Ya buluu ni ya kufungua kifua kinapobana. Ya kahawia ni ya kutumia kila siku, abanwe asibanwe, ili kutuliza uvimbe ulio ndani ya njia za pumzi. Mama yake alinisisitizia, "Baba, hii ya kahawia usiiache hata siku moja." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwani amemwacha mtoto kwa mwalimu.

Mwanzoni mwa Machi 2019 nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za pensheni. Katika duka moja la vifaa vya umeme nikaiona mashine hiyo. Kijana muuzaji akaniambia, "Mzee wangu, hii inatoa ayoni. Inasafisha hewa ya chumba kizima, inaondoa mzio na pumu, na haitaki kichujio cha kununua kila mara." Akaiwasha. Kulitoka harufu kali kidogo, safi, ya kupendeza. "Sikia harufu hiyo," akasema, "ni kama Lushoto baada ya mvua."

Alinipata hapo. Nililipa shilingi laki tatu na nusu bila kuomba apunguze.

Ndugu msomaji, yapasa nieleze mashine hiyo inavyofanya kazi, kwa maana mimi nilijua, na kujua kwangu ndiko kulikonidanganya. Ndani yake mna sindano nyembamba iliyotiwa umeme wa volti maelfu. Umeme huo hutoka kwenye ncha na kuzipa molekuli za hewa chaji hasi. Molekuli zenye chaji ndizo ziitwazo ayoni. Ayoni hujishika kwenye vumbi dogo lililo hewani, na vumbi likishapata chaji huvutwa na ukuta, pazia, meza, au bamba la chuma lililomo ndani ya mashine yenyewe. Kanuni hii niliifundisha kila mwaka kwa kusugua kitana cha plastiki kwenye nywele na kuokotea vipande vya karatasi. Kwa hiyo kijana yule aliponieleza, sikumsikia muuzaji. Nilisikia sauti yangu mwenyewe darasani.

Niliiweka mashine kwenye meza ndogo karibu na kitanda cha Zena. Muuzaji alikuwa ameniambia nisichome kitu chenye moshi karibu nayo, kwa hiyo nikamwambia Bi Mwanaasha asichome tena dawa ya mbu ya kuzunguka chumbani kwa mtoto, tukategemea chandarua peke yake. Baada ya juma moja, kikohozi kilipungua. Baada ya majuma mawili, ukuta uliokuwa nyuma ya mashine ukaanza kuwa na weusi. Niliwaita majirani kuja kuutazama. Nikawaambia, "Mnaona? Hilo lilikuwa linaingia kifuani mwa mtoto." Nilimpigia simu rafiki yangu wa Muheza, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye mkewe alikuwa akisumbuliwa na chafya kwa miaka mingi. Akamtuma mwanawe akanunue mashine kama hiyo.

Siku moja Bi Mwanaasha, akiwa anafagia, alisema, "Mwalimu, mimi naona mtoto amepata nafuu tangu tuache kuchoma ile dawa ya mbu."

Nilimcheka, si kwa ubaya, bali kama mwalimu anavyomcheka mwanafunzi aliyejaribu. Nikamweleza habari za ayoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mwalimu," akaendelea kufagia.

Mwanzoni mwa Aprili, nikiona mtoto analala vizuri, niliamua kuacha kumpa dawa ya kahawia. Sikumwuliza daktari wala mama yake. Nilijiambia kwamba si vema mtoto mdogo kuvuta dawa kila siku ilhali hewa ni safi. Siku ya kwanza haikutokea kitu. Juma la kwanza halikutokea kitu. Dawa ya namna ile nguvu zake hazikatiki kama taa. Huisha polepole, na uvimbe hurudi polepole, hata mtu akadhani ameshinda.

Usiku wa tarehe 10 Mei, mvua za masika zikiwa zimeloanisha kila kitu hadi chumvi jikoni, Zena alikuja chumbani kwangu. Hakuwa akikohoa. Alisimama mlangoni ameshika mabega yake juu, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Akasema, "Ba," akashindwa kumalizia "bu". Nilimpa dawa ya buluu, haikufua dafu. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Bi Mwanaasha alitoka mbio kwenye mvua kumwamsha jirani mwenye bajaji. Njiani nilimpakata mtoto, nikawa nahesabu pumzi zake kwa sauti kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nyuma yetu, chumbani, taa ya buluu ya mashine ilikuwa inawaka.

Hospitali walimpa oksijeni na dawa ya mvuke, wakamwongezea vidonge. Kulipopambazuka rangi yake ilikuwa imerudi. Ndipo daktari akanijia, dada mmoja wa umri wa binti yangu wa mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa ya kahawia anatumia?"

Nilianza kumweleza habari za mashine. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Aliningoja nimalize, kisha akauliza tena vilevile, kwa upole uleule, "Dawa ya kahawia anatumia?"

Nikasema, "Niliisimamisha mimi."

Hakunikemea. Laiti angenikemea. Aliandika, kisha akauliza kama mashine hiyo ina harufu. Nikamwambia ina harufu nzuri kama ya mlimani. Akasema, "Mzee, hiyo huenda ni ozoni. Uizime." Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mtoto analalia nini?"

Ozoni! Neno hilo nililiandika ubaoni mara ngapi? Umeme uleule unaotengeneza ayoni huweza kuvunja molekuli za oksijeni, na atomi zake zikaungana tatu tatu zikawa ozoni. Mkemia Schönbein, aliyefanya kazi Basel, Uswisi, ndiye aliyeipa jina hilo mnamo 1840 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kunusa, kwa sababu ilijulikana kwanza kwa harufu yake. Ozoni iliyo juu angani hutukinga na miale ya jua. Ile tunayoivuta huwasha na kukwaruza njia za pumzi, na mwenye pumu huathirika kuliko wengine. Jimbo la California limeweka sheria kwamba chombo cha kusafishia hewa ya nyumbani kisitoe ozoni itakayozidi sehemu 0.050 katika milioni. Yangu haikuwa na karatasi yoyote inayotaja kipimo chake, wala sikuwa nimeiuliza.

Daktari alitupa kifaa kidogo cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi. Mtoto huvuta pumzi, hupuliza kwa nguvu mara moja, na mshale huonyesha lita kwa dakika. Kifaa cha kwanza cha jinsi hiyo kilibuniwa na Mwingereza Martin Wright katika miaka ya 1950. Akaniambia, "Mpime asubuhi na jioni, uandike. Dawa usiiguse. Ukitaka kubadili kitu nyumbani, badili kimoja kimoja." Niliinamisha uso. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wanachuo wangu kila muhula: badili kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo, ndipo utajua kilichofanya kazi. Mimi nilikuwa nimeleta mashine na kuondoa moshi siku moja, nikaipa mashine sifa zote.

Nilipotulia nilitafuta maandishi ya wataalamu. Nilikuta kwamba uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulipima moshi wa dawa za mbu za kuzunguka, ukaona kuwa kuchoma moja hadi iishe hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Nilisoma mstari huo mara mbili, kisha nikamsomea Bi Mwanaasha. Hakusema kitu. Alitabasamu tu, akaniuliza kama ninataka chai.

Nilikuta pia habari iliyonihusu moja kwa moja. Mwaka 1993 jarida la Uingereza liitwalo Thorax lilichapa jaribio la watoto 20 wenye pumu na mzio wa utitiri wa vumbi. Kwa kipindi fulani kila mtoto aliwekewa nyumbani mashine ya ayoni ya kweli, na kwa kipindi kingine ya bandia isiyotoa kitu, bila kuambiwa ipi ni ipi. Mashine ya kweli ilipunguza uchafu wa utitiri hewani, hilo tuikubalie. Lakini nguvu ya pumzi ya watoto haikuongezeka, dalili hazikupungua, na kikohozi cha usiku kilielekea kuzidi. Miaka kumi baadaye, wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio sita ya mashine za ayoni kwa wenye pumu, wakaona hayakuonyesha faida ya maana. Weusi wa ukutani ulikuwa wa kweli. Nilichokosea ni kudhani kwamba ukuta kuchafuka na mtoto kupona ni jambo moja.

Sasa lile swali la daktari. Zena alikuwa akilalia nini?

Alikuwa akilalia mto wa bibi yake. Mke wangu aliushona mwaka 1988 kwa sufi ya mti uliokuwa nyuma ya bweni la wasichana pale chuoni. Aliokota matunda yaliyopasuka, akatoa mbegu moja moja barazani kwa majuma kadhaa, akajaza mto, na foronya yake akaitarizi kwa uzi mwekundu maneno "Usiku Mwema". Alipofariki, mto ule niliuweka kitandani kwangu. Zena alipokuja akilia usiku kwa kumkumbuka mama yake, nilimpa aulalie. Hicho ndicho kilichokuwa kitu cha thamani zaidi nilichokuwa nacho cha kumpa.

Utitiri wa vumbi ni mdudu mwenye urefu wa robo hadi theluthi ya milimita. Anakula chembe za ngozi zinazotubanduka, na hanywi maji, bali hufyonza unyevu ulio hewani. Kwa hiyo hupenda magodoro na mito katika miji yenye unyevu kama Tanga. Ni wataalamu wa Leiden, Uholanzi, akina Voorhorst na Spieksma, walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba mdudu huyu ndiye chanzo kikubwa cha mzio wa vumbi la nyumbani. Kinacholeta taabu zaidi ni kinyesi chake, nacho ni kizito. Hurushwa hewani tunapotandika kitanda au tunapojigeuza, kisha hutua baada ya muda mfupi. Mashine yangu ilikuwa inahangaika na hewa ya chumba, na mtoto ameulalia ugonjwa wake kwa shavu.

Nilifanya kama daktari alivyosema. Mashine ilikuwa imezimwa, moshi hakuna, na dawa ya kahawia inatumika kila siku bila kukosa. Nikaungoja mwezi mzima hali itulie, nikiandika. Asubuhi nyingi Zena alikuwa akipuliza lita 170, mara nyingine 180. Ndipo nikaondoa mto, nikabaki na kitu hicho kimoja tu cha kubadili.

Nitasema ukweli kwamba haikuwa rahisi. Kwa siku tatu nilijitafutia sababu. Nilijiambia kwamba nitauanika juani, kwamba nitaushonea foronya nzito, kwamba mto wa miaka thelathini na mmoja haujamdhuru mtu. Halafu nikamkumbuka mtoto aliyesimama mlangoni ameshika mabega. Jumamosi asubuhi niliupasua mshono mwenyewe, shimoni nyuma ya nyumba, Zena akiwa shule kwa masomo ya ziada ili asivute vumbi lake. Sufi iliyokuwa nyeupe imekuwa ya rangi ya majivu na kuvunjikavunjika. Niliichoma. Foronya Bi Mwanaasha aliifua kwa maji ya moto, akaipiga pasi. Leo inafunika mto mpya wa sponji, ambao wenyewe umevalishwa mfuko mzito wenye zipu. Godoro nalo tukalifanyia vivyo hivyo, na mashuka hufuliwa kila juma kwa maji ya nyuzi 60, maana utitiri hauwezi joto hilo.

Mwishoni mwa Julai, Zena alikuwa akipuliza 210. Sisemi kwamba kuondoa mto humponya kila mtu. Mtoto mmoja na daftari moja si utafiti, na dawa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Nasema tu kwamba tarakimu zile ziko katika daftari, na safari hii sikuziongezea kitu.

Lilibaki deni moja. Mwezi Agosti nilipanda daladala hadi Muheza kumwona rafiki yangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Tulipokwisha kunywa kahawa nikamwambia, "Ndugu yangu, ile mashine niliyokushauri, nilikushauri jambo nisilolipima. Izime."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwenzangu, niliizima mwezi wa pili tu. Mama watoto aliikataa, alisema harufu inamwuma pua. Na ukuta wangu umechafuka."

"Mbona hukuniambia? Mjukuu wangu nusura afe."

Akanyamaza kidogo, kicheko kikamtoka usoni. Kisha akasema taratibu, "Ningekuambiaje? Ungenipa somo mpaka jua lizame."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko yote niliyosoma juu ya ozoni na utitiri. Rafiki yangu alijua. Bi Mwanaasha alijua. Mtoto mwenyewe, nilipomwuliza baadaye, aliniambia kwamba mashine ilikuwa ikimkwaruza koo, lakini aliona babu anaipenda. Watu watatu walikuwa na habari niliyoihitaji, na kila mmoja aliizuia kwa sababu yangu.

Zena sasa yuko sekondari, amenipita kwa kimo, na anapuliza mwenyewe na kuandika mwenyewe. Mashine nimeiacha kabatini kwa makusudi, ili wageni waulize. Na siku hizi Bi Mwanaasha akiniambia jambo, naliandika kwanza katika daftari, ndipo nabisha.